Pikapu Imefungwa Vitu Vipya na Sasa Inasumbua: Tatizo Liko Wapi?

Pikapu ilikuwa imetulia. Ikapelekwa kuinuliwa kimo, ikavishwa matairi makubwa, ikafungwa bampa ya chuma na taa za ziada. Sasa inatetemeka, inavuta upande mmoja, au kila asubuhi betri iko chini. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni kifaa kipya: springi feki, taa mbovu, rimu mbaya. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kilichovurugika ni hesabu zilizopigwa kiwandani za pembe, uzito, umeme na njia ya hewa, na ndiyo maana dalili hutokea mbali na pale fundi alipoweka mkono. Springi ya nyuma inaweza kuharibu breki, na bampa inaweza kuchemsha injini.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, jiulize: ni kitu gani kiliguswa mwisho, na je, dalili ilianza siku ileile au ilikuja polepole? Iliyoanza siku ileile kwa kawaida ni ya vipimo au ya ufungaji. Iliyokuja baadaye ni nati iliyolegea, mpira uliochanika au waya uliosuguliwa na chuma. Kama vitu vyote vilifungwa kwa mpigo, rudisha kimoja kimoja, ukianza na kile kinachotoka kwa urahisi. Rimu na matairi ya zamani, kama hujayauza, ni kipimo kisicho na gharama: yafunge, endesha barabara ileile, utajua.

Inatetemeka

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi, kwa sababu mtetemo una vyanzo vingi na kila fundi huanza na kile anachokiuza. Uchambue kwanza. Unausikia kwenye usukani au kwenye kiti? Unakuja kwa mwendo fulani, wakati wa kuondoka, au ukikanyaga breki?

Usukani ukitetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa halafu ukatulia ukizidisha au ukipunguza, anza na magurudumu. Balansi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, hasa kwa matairi ya matope yenye kashata kubwa (vile vipande vya mpira vya uso wa tairi). Lakini kama matairi yamebalansiwa mara mbili na mtetemo bado upo, acha kurudi kwenye mashine ile na utazame tundu la katikati ya rimu. Pikapu nyingi zina boliti sita kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo rimu ya gari moja huingia kwenye jingine bila shida, na watu hudhani basi inafaa. Lakini habu, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, hutofautiana: ya Toyota Hilux ni ya milimita 106.1, ya Ford Ranger ni 93.1. Rimu ya dukani mara nyingi huwa na tundu kubwa zaidi ili ienee magari mengi. Ukiifunga bila pete ya kujaza nafasi hiyo, rimu inashikwa katikati na nati peke yake, na ikikaa pembeni kidogo tu, mashine ya balansi haitaona kitu kwa sababu yenyewe huishika rimu kwa namna yake.

Ukishatoa gurudumu, toa nati moja uiangalie kwa karibu. Mdomo wake unapaswa kuwa na mng'aro wa mviringo mzima pale ulipogusana na rimu. Ukiona umeng'aa upande mmoja tu, au kuna mstari mwembamba mahali pa eneo pana, nati hiyo si ya rimu hiyo. Kuna nati za mdomo wa koni wa nyuzi 60, kuna za mdomo wa duara, na kuna zile zenye washa bapa na shingo inayoingia ndani ya tundu, ambazo Toyota imezitumia kwenye baadhi ya rimu zake za kiwandani. Nati ya washa bapa kwenye rimu ya koni itakaza vizuri mkononi, kisha italegea barabarani. Hilo si suala la mtetemo tena, ni gurudumu kutoka. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kuvuka upande hadi upande, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mtetemo wa wakati wa kuondoka ni ugonjwa mwingine. Gari linaguna na kutikisika chini ya kiti ukitoka kusimama, hasa likiwa na mzigo au likipanda mlima, kisha linatulia likifika kilomita 40 hivi. Hiyo karibu kila mara ni propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi nyuma, baada ya kuinua nyuma. Pikapu ndefu huwa na shafti ya vipande viwili na beringi ya katikati inayoning'inia kwenye mpira. Ukiinua chasisi, difu (boksi la gia la ekseli) inabaki chini, na pembe za krosi, yaani viungo vya shafti, zinabadilika. Shakeli ndefu (vile vipande vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi) ni mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu zinainua ncha moja tu ya springi na hivyo kuigeuza difu yenyewe. Dawa ni kushusha beringi ya katikati kwa vipande vya chuma, au kuweka kabari kati ya springi na ekseli, hadi pembe ya shingo ya difu ikaribiane na pembe ya shafti inayotoka kwenye gia boksi. Fundi mwenye kipimo cha pembe atamaliza kazi hii mapema. Asiye nacho atabahatisha. Na kama shafti ilitenganishwa wakati wa kazi bila kuwekewa alama, huenda nusu mbili zimerudishwa krosi zikiwa hazikai mstari mmoja. Hapo hakuna kabari itakayosaidia.

Huna uhakika kama ni injini au ni magurudumu? Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare na isiyo na magari, fika mwendo ambao mtetemo huja, weka gia huru bila kuzima injini, uache gari lijiendee. Mtetemo ukiendelea, chanzo ni magurudumu au shafti. Ukikatika palepale, tazama upande wa injini, na usisahau ekzosi. Bomba jipya la ekzosi linalogusa chasisi huvumisha kabati lote, na watu wamebadilisha hata mito ya injini kwa kosa la bomba.

Usukani hautulii, matairi yanalika

Pikapu nyingi za sasa zina mikono huru mbele, yaani kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Ukiinua mbele, mikono ya juu na ya chini hubadilika pembe, na pamoja nayo hubadilika vipimo vitatu: kuinama kwa gurudumu ndani au nje, kuelekea kwa matairi ndani au nje, na ule mlalo wa nyuma wa mhimili wa usukani, ambao ndio unaorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Huu wa mwisho ndio unaosahaulika. Ukipungua, gari linatangatanga barabara kuu, unalirekebisha kila wakati, na usukani haurudi wenyewe. Likivuta upande mmoja tu, linganisha kwanza upepo wa matairi, maana hilo ni la dakika moja.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakukwaruza kama meno ya msumeno, matairi yanaburuzwa, yaani mwelekeo wake si sahihi. Kama bega moja tu limelika na lingine lina kashata zote, ni kuinama. Alaimenti (kupanga vipimo hivyo vya magurudumu) lazima ifanywe baada ya kuinua, na fundi akikwambia "imefika mwisho, hairudi zaidi", msikilize: boliti za kurekebisha za kiwandani zina kikomo. Kwa kawaida hadi milimita 50 bado unaweza kupata vipimo. Kupita hapo utahitaji mikono ya juu ya aina nyingine, na mauzo ya "inchi nne bila kubadilisha chochote" ni ya kuyakimbia.

Ukisikia "tok" mbele gurudumu linaposhuka kwenye shimo au baada ya tuta, si lazima shokapu imekufa. Kipande cha kuinulia kilichowekwa juu ya springi kinaifanya springi na shokapu ikae karibu na mwisho wa kunyooka kwake. Gurudumu likishuka kidogo tu, chuma kinagonga chuma. Pikapu za tosheni baa (fimbo inayojinyonga badala ya springi) zina shida hiyohiyo zikikazwa kupita kiasi. Springi haijawa ngumu zaidi, imepandishwa tu, na nafasi ya kushuka imekwisha.

Mlio wa "ka-ka-ka" ukikata kona huku unakanyaga mafuta ni CV, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu la mbele hata likiwa limekatwa kona. Chungulia ndani ya rimu ya mbele: ukiona grisi nyeusi imetapakaa kwa mduara, mpira wa CV umechanika. Mipira hiyo huchanika kwa sababu mikunjo yake inasuguana pale pembe inapokuwa kali. Kubadilisha mpira bila kupunguza pembe ni kujipangia kazi ya kurudia. Kushusha difu ya mbele husaidia, kushusha kimo cha gari husaidia zaidi.

Breki zimekuwa ndefu

Hili nalipa uzito kwa sababu halitoi kelele. Pikapu nyingi zenye ngoma nyuma zina valvu inayopima mzigo. Lala chini ya gari karibu na ekseli ya nyuma, utaona fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Gari likibeba, chasisi inashuka, fimbo inasukuma, valvu inaruhusu presha zaidi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu, presha inapunguzwa ili nyuma isiteleze.

Sasa umeinua nyuma. Chasisi iko juu muda wote, kwa hiyo valvu inaamini gari ni tupu hata ukiwa umejaza mzigo. Breki za mbele zinabeba kazi peke yake, pedi zinaisha haraka, na umbali wa kusimama unaongezeka. Springi ngumu za mizigo zinafanya kosa hilohilo kwa njia nyingine: hazishuki. Rekebisho ni dogo, mara nyingi ni kibano cha kunyanyua sehemu ya kushikilia fimbo kwa kiasi kilekile gari lilichoinuliwa. Vifurushi vizuri vya springi huja nacho. Kama chako hakikuja nacho, uliza. Pikapu zinazogawa presha kwa kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) hazina fimbo hii, basi usitafute kisichokuwepo.

Ukiwa huko chini, gari likiwa limenyanyuliwa kwa chasisi na magurudumu yananing'inia, angalia mipira ya breki na nyaya za sensa za ABS. Zikiwa zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, ni fupi. Usiegemee jeki peke yake, weka stendi.

Spidi, mafuta na gia

Hesabu yake ni nyepesi. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha karibu milimita 776. La 285/70R17 ni karibu 831. Tofauti ni asilimia 7: mshale ukisoma 100, gurudumu jipya limekwenda kama 107. Mita za kiwandani nyingi husoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo kosa halisi linaweza kuwa dogo kuliko hilo. Lilinganishe na GPS.

Jambo moja linalowachanganya wengi: kaunta ya kilomita nayo inahesabu pungufu. Ukipima ulaji wa mafuta kwa kaunta hiyo, gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo. Zidisha kilomita kwa 1.07 kabla ya kulalamika. Ulaji utakuwa umeongezeka kweli, kwa sababu ya uzito wa matairi na kimo cha gari kinachokata upepo, lakini si kwa kiasi ulichodhani.

Gia boksi ya otomatiki inayopanda na kushuka gia ovyo kwenye mlima mdogo inalalamika kuhusu uwiano: tairi kubwa limefanya kila gia kuwa ndefu. Kurekebisha spidi kwenye kompyuta husaidia gia kujua mwendo halisi. Hakuongezi nguvu. Dawa kamili ni kubadilisha uwiano wa difu, mbele na nyuma kwa pamoja, na hiyo ni kazi kubwa. Kwa maoni yangu mtu asiyepita matopeni kila wiki anafaa aishie saizi moja juu ya ile ya kiwandani.

Betri inakufa, taa zinafifia

Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kwa kawaida 13.8 hadi 14.4. Kama namba hizo ni nzuri lakini asubuhi gari haliwaki, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Funga milango, subiri kompyuta zilale, ambayo kwenye magari ya sasa inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, kisha weka maltimita ya ampea mfululizo na waya wa hasi. Kiasi cha miliampea 50 au chini ni cha kawaida. Ukiona 300, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Usiwashe injini wala kufungua milango ovyo mita ikiwa imeunganishwa, utaichoma. Na anza na vilivyoongezwa: friji, redio ya mawasiliano, kamera, kifaa cha kufuatilia gari.

Taa ya LED ya wati 240 kwenye volti 12 inavuta ampea 20. Ukiipitisha kwenye swichi ya dashibodi na waya mwembamba, taa itafifia na swichi itapata moto. Pima volti palepale kwenye taa ikiwa imewaka, kisha kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti hivi, waya ni mwembamba, kiungo kimeoza, au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) imefungwa juu ya rangi. Ethi ndiyo inayoongoza: kwangua hadi chuma, kaza, paka grisi juu. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ifanye kazi ya kubeba mzigo, swichi iamrishe tu. Fyuzi ikae karibu na betri, kwa sababu inalinda waya, na waya usiolindwa ni ule ulio kati ya betri na fyuzi.

Indiketa zinazowaka haraka baada ya kuweka balbu za LED hazina ubovu. Gari linadhani balbu imeungua kwa kuwa mzigo umepungua. Badilisha flasha (kifaa cha kuwasha na kuzima indiketa) kama gari lina ya kuchomoa, au weka rezista, na rezista hupata moto mkali, isifungwe kwenye plastiki. Redio inayokoroma pindi taa ya paa inapowaka ni kelele ya saketi inayolisha LED umeme. Sogeza nyaya zake mbali na waya wa antena; taa ya bei ya chini hutibika kwa kubadilishwa.

Betri ya pili isiyojaa ni swali la alteneta. Kwenye magari mengi ya karibuni kompyuta hushusha volti za alteneta kusudi ili kuokoa mafuta, na ile rilei ya zamani inayounganisha betri mbili kwa kuhisi volti inadhani injini imezimwa, inakata. Hapo panahitajika chaja inayopandisha volti yenyewe. Winchi (mota ya kamba ya kujinasua) nayo inaweza kuvuta ampea 400 na zaidi ikielemewa. Ikitoa "tik" bila kuzunguka, pima volti za betri ukiwa umebonyeza kabla ya kuilaumu mota.

Taa ya injini, moshi, joto

Soma kodi za hitilafu kwanza, kwa mashine inayochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Filta ya pamba iliyolowekwa mafuta kupita kiasi huchafua sensa ya hewa, na kwenye injini ya petroli unaweza kupata P0101 au P0171. Isafishe sensa kwa dawa yake maalumu, si kwa kitambaa. P0299 baada ya kazi yoyote karibu na turbo ni presha pungufu: tafuta mpira uliovuka klampu yake, na doa la mafuta litakuonyesha wapi.

Snokeli, lile bomba la kuvuta hewa juu karibu na paa, ina kipimo chake. Injini ikiwa kwenye sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta), ziba mdomo wake kwa ubao bapa. Injini inapaswa kuhangaika au kuzima. Ikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, inavuta hewa mahali pengine, na palipopita hewa patapita maji na vumbi. Fungua boksi la filta upitishe kidole upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa. Vumbi laini hapo ni dharura, maana linasaga ringi za pistoni.

Moshi mweusi baada ya kuongezwa nguvu kwa chipu (kifaa kinachobadilisha amri za kompyuta ya injini) ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kodi P0087 ni presha ya mafuta kushindwa kufikia kile kompyuta inachoomba: filta ya dizeli, kisha pampu. Klachi ikianza kuteleza kwenye gia ya juu, chipu imeikuta ikiwa imechoka. Wapo watakaokushauri kung'oa DPF (kichujio cha masizi kwenye ekzosi) na EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini). Nchi nyingi zinakataza, na DPF inayojaa kila mara ina sababu, kwa mfano safari fupi fupi au sindano ya dizeli inayovuja. Kuing'oa kunaificha sababu hiyo tu.

Injini ikipanda joto tu ukiwa na mwendo mkubwa au mzigo, na kabla ya bampa haikuwa hivyo, simama mbele ya gari uhesabu vinavyoziba rediata: winchi, taa mbili kubwa, namba ya gari, pengine na bango. Sogeza taa nje ya njia ya hewa. Ikipanda joto kwenye foleni na kutulia barabarani, bampa haina kosa, tazama feni.

Mengine ya haraka haraka

Sensa za maegesho zinazolia bila sababu zimekaa ndani zaidi au zimeinama kwenye bampa mpya. Rada ya kufunga breki yenyewe ikifunikwa itaandika hitilafu kwenye dashibodi, na lazima ipangwe upya na mashine. Baada ya kuinua mbele, shusha taa kubwa. Waendeshaji wanaokuja mbele yako wamekwishaliona tatizo hilo.

Vumbi likijaa kwenye kanopi (kibanda kinachofunika sehemu ya mizigo), usihangaike na madirisha kwanza. Gari likienda, hewa nyuma yake hunyonya vumbi kupitia mapengo ya mlango wa nyuma wa karai, hasa kwenye bawaba chini, ambako mara nyingi raba za kiwandani hazikuwekwa. Ziba hapo kwa raba ya kubandika, kisha fungua tundu dogo la hewa mbele ya kanopi, juu ya paa, lililofunikwa filta, ili presha ya ndani izidi kidogo ya nje.